Picha Safi ya Mguu Mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, kamera imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, hatua mbili tu kutoka kwa shakwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alilala kabisa. Alikuwa hodari na alijijua. Ndege hawakumkimbia kwa sababu hakuwatazama ila kupitia lenzi, na kila aliposogea alisogeza kiwiko kimoja kwanza.

Nyumbani alizisafisha picha kwenye kompyuta, kwenye meza ya jikoni. Aliongeza mwanga kidogo, akaondoa vumbi, akakoleza jicho. Tangu bomba la kiwanda lipasuke, shakwe walikuwa na mafuta vifuani. Siku ya kwanza alipoyafuta pichani, mafuta yalichuruzika ukingoni mwa meza, na shakwe mwenyewe akatua dirishani akiwa mweupe pe. Mama yake aliweka sufuria chini ya meza.

"Sakafu nimeipiga deki sasa hivi," alisema.

Wiki ya pili ndege walikuwa wakipanga foleni.

Shida ilikuwa moja: ndege akisafishwa, picha yake ya awali nayo ilisafika, pamoja na nakala zote. Mkaguzi wa mazingira alimwambia kwa simu, "Dada, bila ndege mchafu siwezi kumfungia mtu bomba. Niachie mmoja, nakuja Jumatatu."

Akamwacha Mguu Mmoja, shakwe ambaye yeye amekuwa akimpiga picha kwa miaka saba. Picha yake ya safari hii ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga. Kila unyoya ulihesabika, na ndani ya jicho alionekana mpiga picha mwenyewe, amelala mwambani. Kifua kilikuwa cheusi tii. Mguu Mmoja alikaa dirishani kungoja zamu, na wenzake wakapitishwa mbele yake.

Jumatatu mkaguzi hakuja. Jumatano alituma ujumbe: "Kawia ufike." Alhamisi Mguu Mmoja alishindwa kusimama, na mpiga picha akafungua kompyuta.

"Mama, nikimsafisha sina ushahidi."

"Na usipomsafisha?"

"Sina Mguu Mmoja."

"Sasa unaniuliza nini, mwanangu?"

Alimfuta unyoya kwa unyoya, bila pupa, na hakukosea hata mmoja. Sufuria ilijaa. Mguu Mmoja akajikung'uta na kuruka zake.

Mkaguzi alifika Ijumaa, akavua viatu mlangoni, akatazama picha zote.

"Mbona ndege wako wanang'aa?"

Akaonyeshwa sufuria. Alisema sufuria ya mafuta jikoni si ushahidi wa kitu. Kisha alirudi kwenye picha ya Mguu Mmoja na kuitazama kwa muda mrefu. "Hii kazi, dada. Sijaona mfano wake. Naomba nakala."

Mpiga picha hakuwahi kumnyima mtu aliyejua kusifu, akampa. Picha ilibandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mkaguzi, juu ya maneno "Hali ya ndege: njema." Jina la mpiga picha liliandikwa chini yake bila kosa.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alikuwa amelala tena mwambani. Bomba lilivuja kama kawaida. Mguu Mmoja alikuja akasimama hatua mbili mbele yake, kifua kimekuwa cheusi tena, akageuka upande wenye mwanga mzuri.