Mrangi wa Banda la Pili

1.

TANGAZO KWA UMMA

Wananchi wote mnaarifiwa kuwa iliyokuwa Kambi ya Ndege Msisile inaendelezwa kuwa Kituo cha Viwanda na Teknolojia. Makaburi yaliyopo mwisho wa barabara ya kurukia ndege yatahamishwa. Ndugu wa marehemu wafike wakiwa na vitambulisho. Chai itatolewa.

Damari Lemanya
Ofisa Uhusiano wa Mradi


2.

Mimi ndiye Damari. Tangazo niliandika mwenyewe, pamoja na hiyo chai.

Mmoja wa marehemu ni baba yangu, Koplo Sefania Lemanya, fundi wa ndege. Alikufa banda la pili lilipoungua, mimi nikiwa bado mtoto wa mgongoni. Sanduku lilikuja nyumbani limeshapigwa misumari. Mama akaambiwa asilifungue, amkumbuke mumewe alivyokuwa.

Akamkumbuka alivyokuwa. Hajaolewa tena.


3.

Yaliyosikika getini, vijana wakisubiri kuandikishwa vibarua:

— Watatengeneza betri hapa.

— Mimi nimesikia simu.

— Ajira zipo?

— Zipo, ukiwa na cheti.

— Na asiye na cheti?

— Atachimba makaburi!

Wakacheka. Kisha wakamwona mama yangu anapita.


4.

Mimi ni Perusi, mama yake Damari. Asubuhi ile nilivaa kitenge kipya, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stendi. Wewe unayesoma, usinicheke. Ulitaka nimpokee na kanga ya shambani?

Mbao zilikuwa zimeoza. Wachimbaji walitoa mifupa taratibu, wakaipanga juu ya turubai jeupe. Bwana afya amesimama pembeni na barakoa yake. Mifupa ya miguu. Mbavu. Fuvu.

Nikasema moyoni, karibu, baba Damari.

Mchimbaji akainama tena. Akamtazama bwana afya. Halafu akainua mikono, na mikononi mwake kulikuwa na


fuvu.


Sikupiga kelele. Niliuliza tu, "Na huyu nani?"

Yule mchimbaji alikuwa amelishika kama unavyoshika mtoto mchanga ambaye si wako.


5.

TAARIFA FUPI YA MSIMAMIZI WA ENEO

Kaburi la Koplo Lemanya limekutwa na mabaki ya ziada. Inashauriwa mabaki hayo yaunganishwe na ya mhusika na yazikwe kwa pamoja, ili ratiba isiathirike. Familia isaini kuridhia.


Ziada.

Neno hilo ofisini kwetu tunalitumia kwa saruji.


6.

Jikoni kwetu, jioni ile.

"Dama, hii 'ziada' umeandika wewe?"

"Hapana, mama. Ni msimamizi, Mhandisi Kiwelu. Mimi nimeambiwa nisaini kwa niaba ya familia."

"Utasaini?"

"Mama, Jumatatu greda linaingia. Na kazi yangu..."

"Sijakuuliza kazi."

Nikakoroga uji uliokuwa umeshaiva. Nikauliza nilichoogopa kuuliza tangu asubuhi. "Baba ni yupi kati yao?"

"Yule mwenye pengo la mbele. Lile pengo ningelijua hata gizani."

"Na mwingine?"

"Ana meno yote." Mama akageuzia uso ukutani. "Mazuri. Alikuwa bado kijana, mwanangu."


7.

Anasema Yustina, aliyekuwa mpishi wa bwalo la askari, akiwa kitandani kwake, miguu imevimba:

Mama Damari, kaa hapo. Hilo swali nililingoja mpaka nikazeeka.

Kulikuwa na kibarua anapaka rangi mabanda. Si askari. Wenyewe tulimwita Mrangi. Sijui ni kwa kabila lake la kule Kondoa, au kwa ajili ya zile rangi. Alikuwa anakuja dirishani kwangu kuomba ukoko. Wali nampa, yeye anataka ukoko!

Siku ya moto alikuwa anapaka banda la pili, sahani yake nikamfunikia. Jioni nikauliza, Mrangi yuko wapi? Wakaniambia vibarua wameshaondoka wote. Nikasema basi, ameondoka.

Kumbe ameondokea kwako.


8.

Tunachokijua:

alikuwa kijana
alipaka rangi banda la pili
alipenda ukoko
alikufa na baba yangu, na waliowakusanya hawakuweza, au hawakutaka, kuwatenganisha


Tusichokijua:


 


9.

Ijumaa msimamizi alileta sanduku. Moja. Perusi alikuwa amekaa kwenye kifusi cha kaburi, kitenge kimejaa vumbi.

"Mama, tunaelewa uchungu wako," alisema Mhandisi Kiwelu.

"Uchungu wangu mwanangu anauelewa, wewe bado. Mimi miaka yote nilijua pa kwenda kulia. Kuna mwenzangu hajui."

"Hilo kweli ni la kusikitisha. Lakini si la mradi."

"Ni la nani?"

Mbali, dereva wa greda alikuwa anajaribu injini.

"Nataka masanduku mawili."

"Mama, huyo si ndugu yako."

"Amelala na mume wangu muda mrefu kuliko nilivyolala naye mimi. Leo hii unaniambia si ndugu?"


10.

Sikusaini.

Mchana kitambulisho changu kilikataa kufungua geti. Nilikigusisha tena na tena pale kwenye mashine. Taa nyekundu. Mlinzi, niliyemzoea kwa utani kila siku, akatazama viatu vyake. "Pole, dada Damari," akasema.

Sanduku la pili walilitengeneza mafundi wa mtaani kwetu. Tuliwazika makaburi ya kijijini, bega kwa bega. Kwenye msalaba wa baba tuliandika jina lake kamili. Kaburi la pili halikuwekwa msalaba, maana hatukujua dini yake. Mchungaji akaomba, kisha shekhe akaomba dua. Wachimbaji wawili wa mradi walikuja bila kualikwa, wakakaa nyuma kabisa.

Jumatatu greda likaingia.


11.

Tangazo, redio ya wilaya. Limeandikwa na Damari Lemanya, asiye na cheo:

"Kuna kijana alitoka nyumbani kwenda kutafuta kibarua cha kupaka rangi kambi ya Msisile, hakurudi. Kama ni wa kwenu, hakuwatoroka. Alikufa kazini. Tunaye. Pigeni simu."


12.

Mimi Perusi tena.

Walipiga wengi. Wengine walimtafuta mtu wa juzi, wengine walitaka kulia tu. Kisha ikaja sauti ya bibi mmoja, inatoka mbali, na upepo ndani yake.

"Huyo wenu," akasema, "alikuwa akiimba akiwa kazini?"

Nikatamani kusema ndiyo. Nilikuwa na ndiyo mdomoni kabisa.

"Sijui, mama. Hatujui."

Nikasikia kuku kwake.

"Nikija halafu nikaona si wangu?"

"Njoo hivyo hivyo."

Hakukata simu. Na mimi sikukata.