Pakiti ya Kijani Juu ya Pampu

Pampu namba saba ya kiwanda cha chipu ilizimika saa nne asubuhi, na Pei-shan, mhandisi wa zamu, akajua wamekwisha. Fundi wa kampuni ya Marekani iliyoitengeneza alisema kwenye simu kwamba serikali yake imemkataza kugusa chochote bila leseni. Spea za kutoka China nazo zimezuiwa bandarini wiki ya tatu sasa. Wakubwa wawili wamenuniana, wanaokosa usingizi ni watu wa Hsinchu, huku Taiwan! Na makao makuu yalishasema: saa kumi jioni ikifika pampu haijawaka, oda inahamia kiwanda kipya cha Marekani, na watu thelathini wa Pei-shan warudi nyumbani.

Basi akamwita Shangazi Luo, fundi aliyestaafu mwaka jana. Mama akashuka chumba cha pampu na mfuko wake wa spana, akatazama juu ya mashine, akashika kiuno.

"Nani kaweka pakiti ya njano?"

Kila mashine pale huwekewa pakiti ya bisi za nazi ili itulie, na sharti iwe ya kijani. Njano ni rangi ya taa ya hatari.

"Mimi, Shangazi," akasema Pei-shan. "Za kijani zilikwisha dukani."

"Ala! Na digrii zako mbili hizo, unaitakia mashine homa?"

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Shangazi akatoa ya kijani mfukoni, akaiweka. Kisha akabandika kiganja kwenye pampu.

"Izungusheni kidogo." Akafumba macho. "Beringi ya nyuma. Fungueni ile pampu mbovu ya kona, tutachukua yake."

Akaisafisha, akaipima, akaisugua, akapima tena. Hakukaa, hata chai hakunywa. Pei-shan alimpa spana huku akijisemea, jamani, mikono gani hii!

Saa kumi kasoro dakika ishirini pampu ikanguruma. Pei-shan akatoa taarifa, na makao makuu yakapiga simu: oda inabaki, ila mama mwenye masikio ya kusikia beringi mbovu aende Marekani akafundishe.

Pei-shan akampa habari. Shangazi, aliyempa mgongo, hakuitika. Akarudia kwa sauti, mwisho akamgusa bega na kumwambia usoni.

"Masikio gani, mwanangu? Yameliwa na pampu hizi zamani. Midomo yenu ndiyo naisoma."

Akamshika mkono, akaulaza juu ya pampu yenye joto.

"Hivi ndivyo inavyotetemeka ikiwa nzima. Ishike mpaka uijue. Marekani siendi, na kesho hapa siji."

Pei-shan hakuuondoa mkono mpaka zamu ilipokwisha.