Tano Tano

"Bi Mahfudha, mzinga huo wa asali au wa vita?"

Jirani yangu Masouda aliniuliza hivyo siku mwanangu Yaqdhan alipoteremsha garini bomba refu la mbao, akaliingiza ndani kwetu hapa Mabela. Nikamwambia ni wa vita, lakini hautoi hata moshi. Akasema basi afadhali ungekuwa wa nyuki.

Yaqdhan anasomesha uhandisi chuo kikuu, Al Khoudh. Aliuchonga kwa mfano wa mizinga ya manuwari za Kifaransa, zile nyembamba zendazo mbio, zilizoundwa baina ya vita vikuu viwili. Alitakiwa aueleze mbele ya watu kwenye ukumbi wa chuo, na hapo hapo atajwe babu yake, yaani baba mkwe wangu, Allah amrehemu, ambaye ujanani alichukuliwa ubaharia kule Diego Suarez, bandari ya Wafaransa, akawa mpakiaji wa mzinga kama ule. Wa kumsemea mzee alikuwa Jaifar, ndugu wa marehemu mume wangu.

Jaifar alilingoja jambo hilo umri wake wote. Dishdasha mpya, kanzu ya kusimama nayo siku hiyo, ilikuwa tayari kwa fundi. Hapana harusi wala matanga ambayo hajasimulia kuwa baba yake akipiga mizinga kumi kwa dakika. Watu wakamwita Mzee Kumi, naye jina akalipenda.

Ijumaa baada ya sala akaja kula kwetu. Chakula kilipoondolewa, Yaqdhan akamwonesha mzinga, nami nimekaa pembeni na dele langu la kahawa.

Alieleza vizuri, hata mie nilifahamu. Mzinga ule ulikuwa na nguvu, ukirusha kombora kama kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege. Kasoro yake ilikuwa nyuma. Mlango wa kupakilia ulikuwa parafujo nene, kila mara uzungushwe kwa mkono, ufunguliwe, ufungwe. Na mdomo ukiinuliwa upige mbali, tako hushuka mpaka karibu na sitaha, mpakiaji asiweze kulifikia. Basi mdomo hushushwa, mzinga ukapakiwa, ukainuliwa tena. Na kombora lenyewe uzito wake haukukosana sana na gunia la mchele la kilo arubaini, la kubebwa na mtu huku meli inayumba.

"Ami," Yaqdhan akasema, "kumi haipatikani. Nne. Tano, watu wakiwa hodari."

Jaifar akamtazama. "Kwa hivyo babu yako mwongo."

"Sikusema hivyo, ami."

"Utasema nini, basi? Mie nasimama nasema kumi, wewe nyuma yangu na bomba lako unasema nne. Watu watacheka wakirudi majumbani kwao."

Yaqdhan akamwomba aiache hesabu, aseme tu kuwa mzee alikuwa mpakiaji. Jaifar hakutaka. Alisema wapakiaji walikuwa wengi, na mtu wa kumi alikuwa mmoja. Kisha akanigeukia.

"Shemegi, mzee alikufa mikononi mwako. Kisa chake umekisikia mara ngapi? Mwambie mwanao."

Nikaliweka dele chini. Ningeweza kusema nimesahau, na Jaifar angetoka kwangu radhi. Lakini sikusahau, na ushahidi ni amana.

Mzee alikuwa akisimulia kwa mkono. Akiuinua mmoja, vidole vyote wazi, akiushusha, akiuinua tena ule ule.

"Mzee hakusema kumi," nikamwambia. "Alisema, tulikuwa tukipiga tano tano."

"Tano na tano. Ngapi hiyo?"

"Hakusema tano na tano. Mie nikiwaambia watoto wachukue maandazi mawili mawili, hapana anayechukua manne. Dakika hii tano, na dakika ya pili tano."

Jaifar alipelekwa Kuwait kusoma akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilibaki kule kule utotoni alikokiacha. Aliisikia ile tano tano ana umri wa miaka sita, akajumlisha.

Yaqdhan uso ulimfunguka. Akasema babu amesema kweli tupu, tano ndiyo kazi ya hodari wa hodari kwa mzinga ule, na ami akisimama akaitaja tano yeye atawaonesha watu kwa nini hiyo ni sifa.

 Jaifar alikuwa ameshika kile kimlango cha nyuma ya mzinga, akikizungusha, akikifungua, akikifunga.

"Basi yeye kasema kweli," akasema. "Kumi nimesema mie."

"Ulikuwa mtoto, ami."

Akakifunga kimlango mpaka kikakaa sawa. Akavaa kofia yake, akachukua bakora iliyoegemezwa ukutani. Nilimwinulia kikombe cha kahawa. Akanipita, akavaa viatu mlangoni, akatoka, kikombe kikabaki mkononi mwangu.