Nguzo Mbili za Kusokotwa

Haya yote ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi kidogo, ulimi wangu ukauke kama samaki wa sambaza kwenye jua.

Kanisa letu ni dogo, la mawe meusi ya volkano, lakini uso wake una mambo: juu umepindapinda kama mawimbi, malaika wana mashavu ya watoto walioshiba, na mlangoni zimesimama nguzo mbili zilizosokotwa. Wasomi wanaita mtindo huo barok. Padri mmoja wa Ulaya aliuchora, mafundi wa Masisi wakaujenga. Tangu nistaafu, mimi ndiye ninayewaelezea wageni, ingawa hakuna aliyenituma.

Juzi akaja Héritière, binti wa kutoka mji wa Kiwanja anayesomea ujenzi, mita ya kupimia mkononi. Kamati ya kanisa ilitaka kubomoa zile nguzo ili kupanua mlango, ikamwomba aandike kwanza kama zinafaa kubaki.

"Muzee, nani alizisokota hivi?"

"Nani? Moto! Zilikuwa zimenyooka kama askari. Deux mille deux, mwaka ule wa volkano, lave ikatiririka ikiwaka mpaka hapa mlangoni, joto likazikamua kama shuka. Nilikuwa ndani, naona kwa macho yangu. Hata yule malaika wa kushoto alitoka jasho."

Macho yake yakang'aa. Akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Nguzo ziliungua na lave. Hazina nguvu. Zibomolewe."

"Ngoja, mutoto yangu, hilo usiandike."

"Lakini shahidi ni wewe, Muzee."

Mama Philomène, aliyekuwa anafagia ngazi, akaangua kicheko. "Papa Télesphore! Siku ile tukikimbia, ulikuwa mbele yetu njia ya Gisenyi, matela ya kulalia kichwani. Ulirudi saa ngapi kukaa ndani?"

"Nilirudi kuchukua…"

"Kuchukua nini? Sema kweli, mutoto anaandika!"

Nikazitazama zile nguzo. Nilipita kati yake siku ya ndoa yangu, na siku ya jeneza la mke wangu.

"Nimedanganya," nikasema. "Lave haikufika hapa. Nilipenda tu kuona unashangaa."

"Basi nani alizisokota?"

Hilo sikulijua. Mama Philomène akamshika binti mkono, akaupitisha ndani ya mfereji wa nguzo. Chini ya rangi kulikuwa na alama nyembamba za nyuzi.

"Kamba. Papa yangu alikuwa fundi hapa. Alisimamisha nguzo ya mawe, akaizungushia kamba nene toka chini mpaka juu, akajaza chokaa katikati ya mizunguko. Ilipoanza kukauka, akavuta kamba."

Héritière akapiga magoti, akahesabu. "Huku mizunguko kumi na miwili, kule kumi na mmoja. Kwa nini?"

"Kule kamba iliisha."

Binti akacheka, akachana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine. Jumapili kamati ikaisoma hiyo ya pili mbele ya waumini, ikakubali: nguzo zibaki, upanuliwe mlango wa pembeni. Ila nyufa za chini zizibwe. Na nani?

Mama Philomène akasimama. "Na yule aliyeziunguza!"

Kanisa zima likanigeukia. Sasa toka asubuhi nachanganya chokaa, mgongo unalia, na Mama Philomène amekaa kwenye kiti kivulini.

"Ongeza maji, Papa Télesphore. Hiyo ni chokaa, si bugali."