Kibao cha Shemeji

Bi Mvuke alitundika vibao viwili kwenye misumari ya getini: chake kwanza, halafu cha Shemeji. Ndivyo walivyohesabiwa wafanyakazi wa dobi ya hoteli ile. Ukifika unatundika kibao chako cha bati chenye namba, ukitoka unakishusha. Kibao kikiwa juu, wewe uko kazini, hata kama uko kitandani kwako unapaka kucha rangi.

Shemeji alikuwa mdogo wake mke wa msimamizi. Msimamizi alimwita Shemeji na kila mtu akafuata, utadhani dobi nzima imemwoa dada yake. Binti alipoanza kazi, msimamizi alimwomba Bi Mvuke amsitiri kidogo, maana bado hajazoea kuamka mapema. Anayekupangia zamu akikuomba, umeshakubali. Basi mwaka mzima Bi Mvuke alitembea na kibao cha Shemeji mkobani mwake. Siku nyingine binti alitokea wakati wa chai, siku nyingine hakutokea kabisa. Wenzake walimtania kwamba anavuta mshahara wa mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili, naye akacheka nao.

Hakuona ubaya. Macho yake yalikuwa kwenye Tuzo ya Mahudhurio. Kibarua akiishinda anaajiriwa moja kwa moja, na mwajiriwa ana bima ya afya inayomhudumia mpaka mzazi wake. Mama yake Bi Mvuke alikuwa amelala na nyonga iliyovunjika, na daktari alishasema kuwa bila upasuaji hatasimama tena.

Siku mama alipoanguka, Bi Mvuke ndiye aliyemkuta sakafuni alfajiri. Alimlaza, akamwomba jirani amwangalie, akaenda kazini. Mama mwenyewe ndiye aliyemfukuza, asije akaharibu siku yake kwa ajili ya kizee. Alikuwa akilia huku anamfukuza. Kilio kile Bi Mvuke alikisikia mpaka barabarani, na hakuwahi kujisamehe.

Siku ya tuzo, ilipofika mchana, mashine zilizimwa, wote wakakusanywa uani. Meneja alishuka na mpiga picha. Akasema waliomaliza mwaka bila kukosa hata siku moja ni wawili, na kwa kuwa tuzo ni moja, uongozi umefuata pendekezo la msimamizi. Akasoma namba ya Shemeji.

Hakuna aliyeinuka. Meneja akairudia. Mtu akakohoa. Msimamizi akamwinamia Bi Mvuke, akamwambia kwa sauti ya chini aende ampokelee mwenzake, asiwatie aibu.

Akaenda. Meneja akamkabidhi cheti kilichowekwa kwenye fremu, mpiga picha akamwambia ashushe mikono ya sare, makovu ya pasi yanaonekana. Halafu meneja akamtaka aseme neno moja kwa niaba ya mshindi.

"Shemeji anashukuru," alisema Bi Mvuke. "Angekuja mwenyewe, lakini leo hayupo kazini. Jana pia hakuja. Kibao chake namtundikia mimi."

Kicheko kilianza nyuma kikafia njiani.

"Mama," meneja alisema, "unajua kumtundikia mwenzako kibao ni kosa la kufukuzwa?"

"Msimamizi ndiye aliyenituma."

"Mimi?" Msimamizi aliwageukia wafanyakazi. "Kuna aliyenisikia nikimtuma?"

Walijua wote. Mpiga pasi mwenzake, aliyekula naye sahani moja saa moja tu iliyopita, akainama kukagua kandambili zake. Bi Mvuke aliwatazama mmoja mmoja, akawachukia, na wakati huohuo akajua kwamba angekuwa yeye angekagua za kwake.

Meneja hakupandisha sauti. Aliitoa fremu mikononi mwa Bi Mvuke taratibu, akaifuta alama za vidole, akampa msimamizi aifikishe nyumbani kwa mshindi. Akawaambia warudi kwenye mashine, mashuka ya wageni yanangoja.

Getini mlinzi alimwambia ashushe kibao chake na kukikabidhi. Akakishusha. Cha Shemeji kiliendelea kuning'inia.

Alipofungua mlango wa chumba chao, harufu ya sabuni ilimpokea. Mama alikuwa ameogeshwa. Jirani alimvisha gauni la kutokea, akamchana nywele, akamvalisha na viatu, hata ule mguu uliogoma kunyooka.

"Leo umewahi," mama alisema, uso umemchangamka. "Basi wamekupa. Twende leo hii, au mpaka kesho?"

Bi Mvuke akaweka mkoba chini, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumvua viatu.