Shingo ya Wifi

Ukitaka kujua sufu ni ya namna gani, usiulize mikono ya mtu aliyeikanda maisha yake yote. Mikono ya Mama Sufu ilikuwa imekunywa maji ya moto na sabuni mpaka ikawa sugu kama gome la mti. Ungemwekea msumari kiganjani, angekuambia ni uzi. Shingo yake nayo ilishazoea kubebeshwa mafungu ya sufu, haikushtuka tena. Kwa hiyo mfugaji alipoleta magunia, kazi ya kuchagua ilifanywa na shingo ya wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe. Tangu msiba walikaa pamoja, chumba cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala. Gunia likifunguliwa, Wifi huketi kwenye kigoda, huteremsha mtandio, hufumba macho, na Mama Sufu humwekea kifungu chini ya sikio.

"Je?"

"Inachoma kama ulimi wa jirani. Peleka kwenye mazulia."

Au siku nyingine: "Hii imelala. Hii mpe mwenye mtoto."

Si kwamba sufu inayochoma ilikuwa mbaya. Mama Sufu aliipenda hasa. Ile nene, iliyonyooka, yenye singa nyeupe ngumu kama za ufagio, ndiyo ya zulia la mlangoni, ndiyo ya kuweka ndani ya viatu, ndiyo ya mkoba wa kubebea viazi. Haikandiki upesi, yataka maji ya moto na moyo, lakini ikishashikana, ikanyage mpaka uchoke wewe. Laini ni ya kugusa ngozi. Ila kila moja ipewe kazi yake.

Wakiviringisha sufu iliyoloa, mmoja huku na mwenzake kule, walitegeana vitendawili ili mgongo usahau.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimemvua nguo, akaenda zake bila kuona haya."

"Kondoo! Hicho kina mvi kuliko mimi. Sikia changu: nampiga, namchoma kwa maji ya moto, namsugua, naye anazidi kunishikilia."

"Sufu, basi."

"Umekosa. Ni mimi na wewe, wifi." Wakacheka mpaka povu likamwagika sakafuni.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa mwanawe, na kwa kuwa mikono ya Mama Sufu ilikuwa na sabuni, Wifi ndiye aliyebonyeza na kuweka spika.

"Mama, umepata mjukuu. Wa kike. Amekuja kabla ya siku zake, ni mdogo kama mkate, lakini mzima. Mwenzangu anaomba umtengenezee blanketi. Yeye mwenyewe kaomba."

Mama Sufu akakaa chini na povu lake. Mkwewe hakuwa mtu wa kuomba. Tangu aolewe walisalimiana vizuri, wakaagana vizuri, na katikati hapakuwa na kitu.

"Na mama," mwanawe akaendelea, "tunataka uje ukae nasi, utusaidie kulea. Chumba kipo."

Simu ilipokatika, Wifi aliuliza huku akikamua zulia, "Utaenda?"

"Kwanza blanketi. Mama mtu akiridhika na mkono wangu, atanipa mtoto. Akinipa mtoto, mimi hapa nangoja nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe shangazi wa baba yake, nani atakuzuia mlangoni? Utakuja kututembelea."

Wifi akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha kuazima.

Magunia yalikuja wiki ile ile. Wifi akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. Alikawia kuliko kawaida.

"Hili linachoma," akasema kuhusu la kwanza. La pili alipowekewa, alimeza mate. "Hili limelala. Limelala kabisa, wifi. Hili ndilo la mjukuu."

Kulikuwa na kipimo kingine: kuloweka kidogo, kusugua kwa viganja, kuona kama inajifunga upesi kuwa kidonge, kama ifanyavyo laini, au inabaki imesimama kama nywele za aliyeamka. Mama Sufu hakukifanya. Mtu wake kashasema, apime nini tena?

Kazini sufu iligoma. Aliviringisha, akafungua, bado imelegea.

"Leo ina nini hii?"

"Maji yamepoa," Wifi akajibu, akachemsha mengine. Akachemsha tena. Na Mama Sufu akaona ana bahati ya kuwa na wifi asiyechoka. Kwa gunia jingine alitengeneza zulia la mlango wao wenyewe, lile la zamani lilikuwa limetoboka. Hilo lilishikana kabla hata mkono haujapata joto. Alishangaa kidogo, akapita.

Blanketi likapelekwa. Baada ya siku chache mkwewe akaja mwenyewe, amebeba mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mtoto umemwacha na nani?"

"Yuko na baba yake. Siingii, mama. Nimekurudishia." Akatoa simu, akamwekea karibu kabisa na macho. Kwenye picha, shavu na shingo ya mtoto vilikuwa vyekundu, vipele vimesimama. "Amelia mpaka sauti imekauka. Nilidhani homa. Ndipo nikalijaribu mwenyewe shingoni." "Nilikuomba kitu kimoja, mama. Kama hunitaki, ungenionyesha mimi. Si yeye."

Akauweka mfuko kizingitini, akageuka, akaenda. Mama Sufu alimfuata mpaka mlangoni bila viatu, akaita, mwenzake hakugeuka. Akabaki amesimama juu ya zulia.

Nyayo zake, ambazo hazikuwahi kukanda kitu, ndizo zilizoanza kuelewa. Zulia lilikuwa laini. Jipya vile, na tayari limechoka, limejaa vidonge vidonge, katikati limekonda. Akainama, akalishika, akalipitisha midomoni, vumbi na yote. Laini kama kope. Akatoa blanketi mfukoni, akalipitisha nalo. Ilikuwa kama kubusu ufagio.

Midomo alikuwa nayo siku zote. Hakuwahi kuitumia kwa kazi hiyo, kwa sababu alikuwa na Wifi.

Aliketi kizingitini. Kukosea gunia moja ni kukosea. Lakini magunia mawili, kila moja limekaa mahali pa mwenzake, hilo la mtoto limefutiwa viatu na la viatu limefunikiwa mtoto? Hapo mtu alijua.

Wifi alirudi kutoka uani na ndoo. Akaona zulia mapajani, akaona mfuko, akaweka ndoo chini polepole.

"Ilikuchoma?" Mama Sufu akauliza.

"Wifi..."

"Siku ile. Kwenye kigoda. Ilikuchoma?"

"Ilinichoma."

"Ukanyamaza."

"Ungeenda!" Wifi alilia kama aliyekanyagwa. "Ungeenda ukanisahau na magunia. Nilitaka alikatae blanketi tu, basi. Sikujua mtoto atatoka vipele."

"Hukujua? Kazi yako ilikuwa kujua. Kama ulitaka nibaki, ungesema tu. Ungenigombeza, ungenivunjia sahani. Nami ningekuona." Akasimama. "Huyo ni damu ya kaka yako."

Wifi alimshika upindo wa nguo. Mama Sufu aliuvuta taratibu, mpaka ukatoka mkononi mwa Wifi.

Akalifungua gunia lililobaki nusu, lile la zulia. Alikanda peke yake. Wifi aliposogea kushika upande wa pili, aliambiwa, "Acha."

Blanketi lilipokauka alilipitisha midomoni mwake kila pembe, akalibeba kwenda kwa mwanawe. Mkwewe alilipokea mlangoni. Hakumkaribisha bado, alilizungushia shingoni, akalisugua huku na huku.

"Lile la kwanza, nani alichagua sufu?" akauliza.

"Shangazi yenu. Alijua."

Mwanawe, aliyekuwa nyuma, akashika kichwa.

"Na wewe, mama?" mkwewe akasema. "Hukupima?"

Mama Sufu alikuwa na maneno mengi ya kumjibu, yote ya kweli, na yote ya kumlaumu Wifi.

"Sikupima. Nilimwamini, nikaacha kupima."

Mkwewe alimtazama, kisha akasogea pembeni. "Amelala. Akiamka utamwona. Kaa."

Akaketi ukingoni mwa kiti, blanketi bado liko shingoni kwa mwenye mtoto. Simu yake ikaanza kulia mkobani. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Ni shangazi," mwanawe akasema akichungulia. "Hupokei?"

"Anataka nimwambie lini narudi."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, baba. Kila nikifungua mdomo nasikia akiniambia, limelala kabisa, wifi." Akaibonyeza simu mpaka ikazimika mwanga. "Isije ikamwamsha mtoto."