Mtungi Unaotoa Jasho

Eustadia alishuka stesheni ya Tabora na tenga kichwani, mitungi mitatu ndani yake imepangwa katikati ya nyasi. Tangu alfajiri alikuwa akibishana na mwenyekiti wa kijiji, ingawa mwenyekiti mwenyewe alibaki kijijini Goweko, pengine bado amelala.

Mwenyekiti huyo, Bwana Justus, alikuwa ametangaza kwamba kila mtu mzima ataingia shamba la tumbaku la kijiji, isipokuwa fundi anayetambuliwa.

"Na anayetambuliwa ndiye yupi?" Eustadia alimwuliza jana yake.

"Mwenye barua ya duka, mama. Duka la ushirika likisema linachukua vitu vyako, wewe fundi. Lisiposema, wewe mkulima kama sisi. Nataka barua kesho."

Miaka thelathini alikuwa akifinyanga, tangu mama yake alipomwachia jiwe la kulainishia udongo. Justus huyo huyo amekua akinywa maji ya mitungi yake. Leo mkono wa Eustadia haujulikani mpaka karatasi iuseme.

Wiki iliyopita aliacha mtungi mmoja dukani, umejaa maji, wayaonje wenyewe. Sasa alifuata jibu. Foleni ya sukari ilikuwa imetoka mlangoni mpaka barabarani, na jua la Oktoba halikumhurumia mtu.

"Shikamoo, mama," alisema Twalibu, meneja wa duka, bila kuinua macho.

"Marahaba. Nimefuata jibu."

"Mtungi wako unavuja." Akavuta katoni ya viberiti iliyolegea kwa maji. "Tuliuweka juu ya hii. Tazama. Siku hizi watu wanataka ndoo ya plastiki. Ndoo haivuji."

"Hauvuji. Unatoa jasho. Usipotoa jasho maji hayapoi."

"Jasho, kuvuja, yote ni maji mahali yasipotakiwa."

Eustadia alisikia kitu kikimpanda kifuani kama moshi wa tanuru. Mtu huyu kazaliwa Tabora, kalelewa na maji ya mtungi, leo anajifanya hajui.

"Kitendawili," alisema.

"Mama, nina watu."

"Kitendawili."

"Tega," akaitikia mzee mmoja kwenye foleni, jina lake Alois.

"Bibi yangu kakaa kitako kutwa, halimi, hatwangi, na jasho linamtiririka."

Foleni ikacheka. Twalibu akapangusa shingo. "Sijui."

"Basi nipe mji."

"Chukua Tabora yote, mradi uniondokee hapa kaunta."

Eustadia alitoka, lakini hakwenda mbali. Alichota maji kwenye bomba la ng'ambo ya barabara, akajaza mitungi yote mitatu, akaiketisha kivulini mbele ya duka, juu ya mchanga, akakaa kando yake mikono magotini. Kila alipokumbuka neno "unavuja" alisaga meno.

Sukari haikuja. Ilipofika saa saba, mitungi ilikuwa imelowa tumbo zima na Mzee Alois hakuweza kuvumilia kiu tena. Eustadia alimpa kata. Akanywa, akafumba macho, akampitishia wa nyuma yake. Swaumu, msichana anayeuza dukani, naye akatoka na kikombe.

"Ya ndoo yetu ni ya kuogea," alisema. "Kama yametoka jikoni."

Twalibu akatokea mlangoni. "Mama, kuuza mbele ya duka la umma ni ulanguzi."

"Nauza nini? Umeona senti hapa?"

"Basi ondoka."

"Niende wapi? Tabora umenipa mwenyewe, na watu hawa wamesikia."

"Kapewa, kweli," alisema Mzee Alois. "Na mwenye mji hafukuzwi mjini kwake."

"Bwana Twalibu, kunywa kwanza," alisema Swaumu, akamshikisha kikombe.

Twalibu alikunywa. Akakitazama kikombe. Akakinyoosha kiongezwe.

"Ule niliokuachia nao ungekaa mchangani," Eustadia alisema, "usingelowesha kiberiti. Umeuketisha juu ya moto halafu unaulaumu kwa maji."

"Haya. Acha hii mitatu. Na kila mwezi lete sita."

"Barua kwanza."

Twalibu aliandika akiwa amesimama. Eustadia alikuwa na darasa la nne la misheni. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka kikasimama. *Mitungi yake huvuja kidogo.* Akairudisha.

"Futa."

"Ni neno tu, mama."

"Kwa neno hilo kesho nashika jembe la tumbaku la watu. Andika, hutoa jasho."

Twalibu aliwatazama watu wa foleni, nao wakamtazama. Akachukua karatasi nyingine, akaandika upya, akagonga mhuri. Eustadia aliisoma mara mbili, akaifunga katika pindo la kanga.

"Jibu la kitendawili ni mtungi, siyo?" aliuliza Swaumu.

"Ni mtungi. Ungesema ni mimi, nisingekukatalia. Mimi nami silimi, na jasho unaliona. Sasa niletee ule wa mwanzo."

"Si umekuja kuuza?"

"Huo umetukanwa. Narudi nao nyumbani."

Akaupakata ndani ya treni mpaka Goweko, barua kwenye pindo, midomo ikicheza. Alikuwa bado anabishana na Justus.